Mikono Mitupu katika Sikukuu ya Mavuno

Mtu akialikwa katika sikukuu ya mavuno, naye mwaka huo hakuvuna kitu, afanye nini? Wengine hubaki nyumbani, maana waona haya kula jasho la wenzao. Wengine hufika mapema, hukaa karibu na mtungi, wala moyo wao hauwasumbui hata kidogo. Hawa na wale wamekosea, ila si kwa namna moja.

Ng'ambo ya ziwa Kivu na mto Ruzizi, katika nchi ya Rwanda, kuna sikukuu ya malimbuko iitwayo Umuganuro. Ni desturi ya kale. Zamani za wafalme, mtama mpya haukuliwa ovyo: mfalme alionja kwanza, ndipo na watu walipoonja nyumbani mwao. Mwaka 1925 serikali ya Wabelgiji ilimhamisha Gashamura, mkuu wa watunza desturi za kifalme, ikampeleka Burundi, na sikukuu ya mfalme ikakatazwa. Tangu mwaka 2011 imerudishwa kuwa sikukuu ya taifa, nayo huangukia Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane.

Siku hiyo kazi husimama. Vijijini watu huleta mtama, mahindi, maharagwe na viazi, huviweka mbele ya wote, kisha hula pamoja. Ngoma hulia. Watoto hupewa maziwa, na wakubwa hunywa pombe ya mtama. (Pombe nayo ina maneno yake, lakini hayo ni shauri la siku nyingine.) Na yule ambaye shamba lake halikuzaa huitwa kama wengine. Wanyarwanda wana neno kwa jambo hilo: kuonja mazao mapya ni kuganura, na kumwonjesha asiyevuna ni kuganuza. Neno hilo si la kuomba wala la sadaka. Mtu haombi, anaonjeshwa.

Lakini mwenye kikapu kilichojaa atasema: «Mimi nililima, yeye alilala. Nikimlisha mvivu, namfundisha uvivu.» Neno hili lina nguvu, wala lisidharauliwe. Mtume Paulo mwenyewe aliwakemea Wakristo wa Tesalonike waliokaa bure na kula vya wengine. Lakini aliwakemea wasiotaka kufanya kazi. Asiyeweza ni mtu mwingine. Mjane mgonjwa hakulala kwa uvivu. Mtu ambaye udongo wa shamba lake mlimani umechukuliwa na mvua alilima kama jirani yake, pengine kumpita. Anayetazama mikono mitupu tu hajui bado kama ametazama uvivu au msiba. Mvivu na aonywe, lakini aonywe siku ya jembe, si siku ya chungu, mbele ya watoto wake.

Tena, mwenye kikapu aulize vikapu vyake vimetoka wapi. Mvua hakuileta yeye. Mbegu je? Vijijini ni wachache ambao hawajapata kuomba mbegu kwa jirani mwaka mmoja au mwingine. Yawezekana kabisa kwamba huyu anayekuja leo bila kitu ndiye aliyetoa mbegu zamani, na mwenye nacho amesahau. Wenye shibe husahau upesi. Basi chakula anachopewa ni zawadi kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ni deni linalolipwa kimya kimya.

Hata hivyo asiyevuna naye ana wajibu wake. Aende, asijifiche; maana anayejificha kwa haya huwanyima jirani nafasi ya kutenda haki, na haya yake mara nyingi ina kiburi ndani yake. Akifika, achote maji, apasue kuni, acheze ngoma vizuri. Ale bila kununa na bila kuhesabu vikapu vya wenzake. Mwenye kutoa naye asitaje jina la aliyempa, asimtazame kila anapotia mkono chunguni.

Linalobaki ni gumu zaidi, nalo halionekani ngoma ikilia. Siku moja ya kushiba haimalizi njaa. Ijumaa watu wote ni ndugu. Jumamosi kila mlango wa ghala umefungwa, na mjane yuko pale pale. Lakini kalenda yenyewe inasaidia: baada ya mwezi wa nane waja wa tisa, mvua hurudi, na maharagwe hupandwa. Mwenye kikapu asiyatie yote chunguni siku ya ngoma. Abakize vibaba vichache vilivyo vizima, visivyotobolewa na wadudu, avipeleke jioni, bila watu kuona, kwa yule aliyekuja mikono mitupu, ili mwaka ujao naye aje amejitwika kikapu chake.