Picha isimtie ndege uchungu

Ndugu Waislamu, vijana wetu wa mjini siku hizi wanapenda kupiga picha ndege na wadudu kwa simu, kisha kutafuta majina yao. Nawapongeza. Suratul An'aam, aya ya 38, inatufundisha kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi, na Suratul Baqara, aya ya 31, kuwa Mwenyezi Mungu alimfundisha Nabii Adam (a.s.) majina.

Ajuaye majina hutofautisha. Kunguru mwenye kifua cheupe ni wa hapa hapa. Mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, naye hula mayai na makinda wa ndege wadogo.

Hapo ndipo penye hatari. Kijana anasogeza matawi apate picha ya kiota cha chozi. Mama anaruka, kunguru anaona. Picha imepatikana, makinda wameliwa.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, masahaba wakiwa safarini walichukua makinda wawili. Mama yao akawa anapapatika. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru warejeshwe. Masahaba hawakuwa na kamera, lakini uchungu wa mama ni ule ule.

Basi nasema: tupige picha kwa mbali. Kiota tusikiguse, tawi tusilikate, kipepeo tusimbane mbawa ili atulie. Elimu ya kiumbe isiyozaa huruma kwa kiumbe huyo, tutaijibu nini mbele ya Muumba wake?

Wallahu a'lam.