RAMADHANI, SIKU YA 14: Ruhusa ya mama mzazi



Ndugu zangu wa Katonga na nyote mnaotusoma, poleni na mfungo.

Mnakumbuka mwaka 2024 ziwa letu lilivyofungwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mitumbwi ikakaa nchi kavu, vichanja vya dagaa vikawa vitupu, tukalalamika kweli. Lakini sababu tuliielewa: dagaa na mgebuka wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi mitatu, kwa ajili ya samaki. Sasa nakuuliza wewe mwenye duka, mwenye shule, mwenye dada wa kazi nyumbani: binadamu akijifungua, unampa siku ngapi?

Nianze na kosa langu. Miaka ya nyuma nilisimamia shule moja ndogo ya awali. Mwalimu wetu mmoja akajifungua, mimi nikamkatia mshahara. Nikasema, hajafundisha, nimlipe nini? Arobaini ilipoisha tu akarudi, maana nyumbani hela haikuwepo. Nilimkuta darasani maziwa yameloanisha baibui lake, mtoto kamwacha kwa bibi. Sikusema kitu. Na Ijumaa ile ile nikapanda mimbari kuhimiza watu waoneane huruma.

Jamani, saumu ni nguzo ya dini. Pamoja na hayo, Mola wetu amempa ruhusa mjamzito na anayenyonyesha, akihofia nafsi yake au mtoto wake, afungue na alipe siku zake baadaye. Amelegeza haki Yake Mwenyewe. Na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akisalisha, akisikia mtoto analia, anaifupisha sala kwa kumwonea huruma mama yake. Mimi na wewe ni nani hata tushindwe kulegeza ratiba ya kazi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeliweka wazi. Mfanyakazi aliyezidisha miezi sita kazini akijifungua ana likizo ya siku 84, huku analipwa. Wakiwa mapacha, siku 100. Ndani ya wiki sita baada ya kujifungua asifanye kazi, isipokuwa daktari athibitishe kuwa anaweza. Akirudi, ana muda wa hadi saa mbili kila siku wa kunyonyesha, ndani ya saa za kazi. Na kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba hairuhusiwi. Ikitokea, dada yangu, usibaki kulia ndani: peleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Baba naye ana siku zisizopungua 3 za likizo yenye malipo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku hizo si za kwenda kijiweni. Chota maji, koroga uji.

Mama zangu na dada zangu, ruhusa ina wajibu wake, kama vile aliyefungua Ramadhani anavyodaiwa siku zake. Mpe mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla, pamoja na cheti cha daktari. Usipotee tu, simu umezima. Kabidhi daftari, kabidhi funguo. Siku zikiisha, rudi kazini. Hiyo ni amana.

Mwajiri utasema, "Ustadhi, mtaji wangu mdogo." Naelewa. Basi anza kuweka akiba tangu siku unapoletewa taarifa. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba aliyeajiri mtu, akatimiziwa kazi, kisha akamnyima ujira wake, Mwenyezi Mungu ndiye atakayekuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Onyo hilo ndilo lililonikosesha usingizi mimi.

Nikamfuata yule mwalimu, nikamwomba radhi, nikamlipa kidogo kidogo mpaka deni likaisha. Alinisamehe. Lakini zile siku za kukaa na mwanawe, hizo sikuweza kumrudishia. Wewe ambaye mfanyakazi wako bado ni mjamzito, hujachelewa. Leo kabla ya futari mwite, umwambie: siku zako zipo, na mshahara wako upo.

Ewe Mola, walinde wajawazito wetu, wape wepesi wanaojifungua, na utusamehe tuliyowadhulumu walio chini yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.