Paukwa Inayokuja Mwisho: Utundu wa Watoto na Swali la Madhara katika Mtaa wa Kariokor

Kiswahili kina msamiati mpana wa jambo tunalokusudia kulijadili: utundu, utukutu, mzaha, masihara, utani, vitimbi, dhihaka, kejeli, stihizai. Maneno haya si visawe. Mtoto mtundu hulaumiwa na kusifiwa kwa neno lilo hilo moja: ndiye aliyevunja kikombe, na ndiye aliyeifufua redio kwa msumari na kipande cha waya. Dhihaka nayo, ijapokuwa asili yake katika Kiarabu ni kucheka tu, kwetu imekwisha kuwa kicheko chenye majeruhi. Kati ya ncha hizi mbili ndipo mzaha wa mtoto unapokaa, na wazazi huupitisha kwa kauli fupi kwamba haudhuru. Makala haya yanauliza: ni kitu gani kinachoufanya mzaha usidhuru, na ni nani mwenye haki ya kutamka kwamba haukudhuru?

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, aliieleza komedia kuwa uigaji wa kasoro isiyoleta maumivu wala maangamizi. Maelezo hayo yanatufaa, lakini yana pengo. Katika jukwaa anayechekwa ni mwigizaji aliyekubali kuchekwa; kasoro yake ni ya kuvaliwa na kuvuliwa. Katika mzaha wa mtaani mhusika mkuu hajui kwamba yumo katika mchezo. Linganisha na fasihi simulizi yetu. Fanani hasemi uongo wake kabla ya kuomba ruhusa: “Paukwa!” naye asubiri “Pakawa!” Ruhusa ikishatolewa, sungura anaweza kumnyoa simba sharubu wala hapana anayedai kwamba amedanganywa. Mzaha wa mtoto ni hadithi ambayo paukwa yake huja mwisho. Kwanza mtu hudanganywa, kisha watoto hutoka mafichoni wakicheka, na kicheko chao ndicho kinachoomba ruhusa kwa jambo ambalo limekwisha kutendeka. Mdanganywa akicheka, ameitikia pakawa. Asipocheka, kilichobaki ni uongo mtupu.

Tutazame mfano mmoja. Katika vichochoro vya soko la Kariokor, baina ya wasusi wa vyondo na mafundi wa viatu vya akala, tumewahi kuwaona watoto wakiitandaza noti iliyotobolewa na kufungwa uzi mwembamba. Mpita njia huinama, uzi huvutwa, noti hukimbia, na pale pembeni vicheko hupasuka. Kijana mwenye tai aliinama, akashtuka, akacheka kwa haya, akaenda zake. Baadaye akaja hamali na mkokoteni wake. Yeye hakuinama tu. Alisimamisha kwanza mkokoteni, na mkokoteni uliosheheni hausimamishwi kwa gharama ndogo: mwendo wote alioujenga kwa mabega hupotea, na kuuanzisha tena ni kazi upya. Noti ikakimbia. Wasusi wakacheka. Hamali naye akacheka kidogo, akaendelea kusimama, na noti iliporudishwa mahali pake kwa ajili ya mpita njia mwingine aliukanyaga uzi, akaiokota, akaitia mfukoni na kushika tena mikono ya mkokoteni. Wasusi wakacheka zaidi ya mara ya kwanza. Watoto hawakucheka.

Mzaha ulikuwa mmoja, na uzi ulikuwa mmoja. Hata hivyo, hatuwezi kusema kwamba kijana na hamali walitendewa jambo moja. Ngano za Abunuwasi zinatusaidia hapa. Katika kisa mashuhuri cha sufuria, Abunuwasi anaazima sufuria ya jirani, anairudisha pamoja na ndogo akidai kwamba imezaa, na jirani anakubali kwa furaha. Anapoiazima tena na kutangaza kwamba imekufa, jirani hana pa kulalamikia, kwani aliyekubali uzazi wa sufuria hawezi kuukataa umauti wake. Mtego huo ulijengwa kwa tamaa ya mtegwa mwenyewe. Alishiriki katika kuutunga. Kijana mwenye tai aliinama kwa jambo linalokaribiana na tamaa, au udadisi. Hamali aliinama kwa haja. Mzaha unaoifichua tamaa ya mtu humwonyesha jambo ambalo angeweza kuliacha. Unaoifichua haja yake humwonyesha hadharani jambo ambalo hana uwezo wa kuliacha. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, dhara linapoanza, hata pasipo jeraha wala hasara.

Tunaongeza, kama kwa kando, kwamba mtaa huu una jina la wachukuzi. Kariokor ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu wanaume kulazimishwa kujiunga, na maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Hatudai kwamba mtoto mwenye uzi anapaswa kuyajua hayo.

Lipo suala gumu zaidi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ruhusa ya mzaha hutangulia: babu humwita mjukuu “mke wangu”, na watani wa Tanzania huweza kufanya masihara hata matangani, kwa kuwa utani ni mkataba uliorithiwa. Mtaa kama Kariokor, uliowakusanya Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakamba na wengineo, hauna utani mmoja wa kurithi unaowafunga wote. Watoto wake wamelazimika kuutunga wenyewe, na aghalabu wameutunga kwa lugha: kwa Sheng, na kwa kuigana lafudhi. Mtoto huiga jinsi mama wa mwenzake anavyotamka, mwenzake hulipa kwa kuiga jinsi baba wa huyu anavyotamka, na deni huisha. Televisheni ya taifa iliujua mchezo huo. Katika kipindi ambacho jina lenyewe lilikuwa Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu, aliigiza kwa miaka mingi Mzee Ojwang’ mwenye lafudhi ya Kiluo, akapendwa na Waluo na wasio Waluo hadi alipofariki mwaka 2015.

Lakini katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, lafudhi na jina la mtu viliweza kumtambulisha kwa waliokuwa wakimwinda. Sauti ile ile iliyokuwa ikiigwa uwanjani kwa kicheko ikawa ushahidi dhidi ya mwenyewe. Basi kutodhuru si sifa iliyomo ndani ya mzaha kama utamu ulivyo katika muwa. Hutegemea nani anacheka, wakati gani, na kama deni linaweza kulipwa.

Wapo walimu watakaotumia hoja hii kuupiga marufuku utundu wote. Hatuko pamoja nao. Mtoto anayetumwa dukani na kaka yake akaulize “chumvi tamu”, akarudi mikono mitupu na kukuta ndugu zake wakigaagaa kwa kicheko, amejifunza kwa dakika kumi kwamba maneno yanaweza kusema lisilokuwapo. Tunajitahidi kuwafundisha wanafunzi wa shahada jambo hilo hilo kwa jina la kinaya, na si wote wanaofaulu. Kesho yake atamtuma mdogo wake, au atabuni hila ya kumlipa kaka. Mlango wa kulipa u wazi.

Kinachotutia wasiwasi ni pale mlango huo usipokuwapo. Kila mtaa una mtu wake aliyerukwa na akili ambaye watoto humfuata wakimwita jina walilompa, humrushia maganda na kukimbia, na humchochea aseme yale yale aliyoyasema jana. Waulize wakubwa, watakwambia kwamba hapana ubaya, kwani hata yeye mwenyewe hucheka. Ni kweli kwamba hucheka. Ila kwake hatuna njia ya kujua kama kicheko hicho ni pakawa, na watoto hawawezi kungoja jibu ambalo hawana namna ya kulitambua. Wanaojibu kwa niaba yake ni watu wazima wanaopita, na wengi wao hujibu bila kupunguza mwendo.