Upana wa Sasa

Sasa ni wakati ambao msemaji anauhesabu kuwa wake, na upana wake hutegemea jambo linalozungumzwa kuliko mishale ya saa. Kondakta wa daladala pale Igoma, Mwanza, akinadi kwamba gari linaondoka sasa hivi, kipimo chake ni viti: vikijaa, sasa hivi imewadia. Anayelalamika kwamba sasa hivi maisha ni magumu huenda anaizungumzia miaka mitatu. Naye msimulizi anayesema "sasa, yule mzee akainuka" haizungumzii leo hata kidogo. Anamvuta msikilizaji mpaka pale kisa kilipofika.

Karibu na mwaka 400, Augustino, askofu wa Hippo, aliikatakata sasa kutoka mwaka hadi mwezi, siku na saa, ikabaki nukta isiyo na urefu. Akaona kwamba wakati hupimwa rohoni, katika kukumbuka, kutazama na kutarajia. John Mbiti, mwanateolojia Mwanglikana aliyezaliwa Kitui, Kenya, mwaka 1931, aliuanza mjadala huo kwa jamii badala ya roho. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyachukua maneno ya Kiswahili sasa na zamani yawe majina ya pande mbili za wakati. Sasa ni kipindi ambacho watu wanakiishi, chenye jana yake na kesho yake ya karibu. Marehemu hubaki humo maadamu yupo hai aliyemfahamu na anayemtaja kwa jina. Wa mwisho kati ya waliomfahamu akifa, marehemu huzama katika zamani.

Mbiti alidai pia kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali, akitegemea zaidi vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Mwaka 1987 Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa ushahidi wa Waakan, na kwa haki: kukosekana kwa kiambishi cha kitenzi hakuthibitishi kukosekana kwa wazo. Mzee apandaye mwembe anawafikiria wajukuu.

Lakini hoja ya Mbiti kuhusu wafu ina uzito mkubwa zaidi, na Igoma inaipa mtihani mgumu. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya abiria wakafa. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma, na wahanga hao huombewa hapo kila inapofika kumbukumbu ya ajali. Kwa kanuni ya Mbiti, mtu angedhani kwamba aliyezikwa bila jina ni wa zamani tangu siku ya maziko. Sivyo ilivyo. Nyumbani kwao bado wanamtaja kwa jina bila kulijua kaburi lake, na Igoma wanalitunza kaburi bila kulijua jina. Hata ndugu wa mwisho akifariki, wasiomfahamu wataendelea kumwombea, jambo ambalo kipimo cha Mbiti hakikuliachia nafasi.