Fedha za kuonyesha: Je, karatasi ya kweli yaweza kusema uongo?



Mwaka jana alinijia mzee mmoja wa huku kwetu Amani, wilayani Muheza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza darasa la jioni, mvua inanyesha na ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kimya. Kisha akatoa karatasi iliyofungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa barua ya chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Kijana wake, niliyemfundisha mimi tangu kidato cha kwanza, amekubaliwa. Ada italipwa na mfadhili, lakini fedha za kuishi ni juu ya mzazi.

"Ustadh," akaniambia, "wanataka waone fedha benki. Si kwamba wanazichukua. Wanataka kuziona tu."

Alikuwa anasema kweli. Anayeomba viza ya kusoma Uingereza hutakiwa aonyeshe kwamba ana fedha za kujikimu, na kwamba zimekaa katika akaunti siku 28 mfululizo. Kwa kijana yule ilikuwa zaidi ya shilingi milioni 30. Ndugu zake wa Tanga mjini na Dar es Salaam walikuwa tayari kumwazima milioni 12. Zilizobaki alizitaka kutoka mfuko wa msikiti wetu, fedha tulizochangishana kwa miaka kadhaa ili tujenge madrasa. Mimi ndiye mweka hazina. "Wenzako wawili nimeshazungumza nao," akasema, "imebaki sahihi yako. Siku 28 tu, Ustadh. Siku ya 29 zinarudi zote."

Nilimwomba anipe siku tatu.

Kuhusu fedha za msikiti sikuhitaji hata siku moja. Aliyetoa shilingi 1,000 yake baada ya swala ya Ijumaa aliitoa kwa ajili ya madrasa. Kamati haina ruhusa ya kuikopesha kwa jambo jingine, hata kama jambo hilo ni jema na hata kama fedha itarudi salama. Amana haipimwi kwa kurudi kwake tu, hupimwa pia kwa ulivyoitumia ilipokuwa mkononi mwako. Sidhani kama kuna msomaji atakayebishana na hilo.

Lakini swali lililonikosesha usingizi lilikuwa jingine. Je, kama fedha zile zingekuwa zangu mwenyewe? Ningekuwa na haki ya kumwazima jirani yangu salio la kuonyesha?

Jambo hili, ndugu msomaji, si la mzee mmoja wa Amani. Ni biashara inayojulikana. Wapo wanaopitisha fedha zilezile kwenye akaunti ya mtoto huyu, kisha ya yule, na wapo wanaotoza malipo kwa kazi hiyo. Mara nyingi wanaofanya hivyo ni watu wanaoswali na kufunga, na hawaoni kwamba wamesema uongo. Hebu tuwasikilize kwanza, maana hoja zao si nyepesi.

Hoja ya kwanza ni kwamba karatasi ile ni ya kweli. Benki imeandika kwamba salio ni kiasi fulani, na kweli kiasi hicho kimo. Hakuna muhuri wa kughushi, hakuna sahihi ya bandia. Uongo uko wapi?

Hoja ya pili ni kwamba sharti lenyewe ni la dhuluma. Mkulima wa iliki na mdalasini atapata wapi milioni 30 za kulaza benki? Nchini Canada kiwango cha fedha za kujikimu anazotakiwa mwanafunzi kuonyesha kilipandishwa Januari 2024 kutoka dola 10,000 za nchi hiyo hadi dola 20,635. Na sisi watu wa Amani tuna la kuongeza. Mwaka 1902 Wajerumani walikuja kujenga taasisi yao ya utafiti juu ya milima yetu hii. Walikusanya mimea, wakaipa majina yao, wakasoma na kuandika vitabu. Nani aliwauliza salio?

Hoja ya tatu ni dharura. Kijana ni hodari, nafasi haitarudi, na elimu ni faradhi.

Nianze na hii ya mwisho. Kutafuta elimu ni faradhi, lakini kuitafuta Uingereza si faradhi. Dharura inayohalalisha lililokatazwa ni ile ambayo mtu akiikosa anaangamia. Kijana anayeweza kusoma Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichoanza mwaka 2005, hajafikia hapo. Tusilitumie neno dharura kila tunapoona kitu tunachokitamani sana.

Ama kuhusu karatasi ya kweli, wanazuoni wetu wanalijua jambo hili na wamelipa jina. Wanaliita tauria, yaani kusema neno la kweli kwa namna ambayo msikilizaji ataelewa lisilokuwa kweli. Imam Nawawi amelieleza katika kitabu chake cha Al-Adhkar. Hakulikataza moja kwa moja, kwani lina nafasi yake panapokuwa na haja ya kisheria. Lakini likitumika kujipatia kisichokuwa haki yako, limekuwa haramu. Na sote tunaikumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la chakula, akakuta unyevu chini ya kilichokauka juu. Muuzaji hakusema neno lolote la uongo. Alilipanga rundo tu. Na bado Mtume (s.a.w.) alimkemea kwa ghushi. Salio la siku 28 lina tofauti gani na rundo lile? Ofisa wa viza haulizi kama fedha zimelala hapo. Anauliza kama kijana huyu atakula akifika. Hilo ndilo swali, na jibu letu kwake si la kweli.

Hoja ya dhuluma ndiyo ngumu kuliko zote, na nakiri kwamba moyo wangu uko nayo. Ulimwengu huu haukugawanywa kwa uadilifu. Lakini dhuluma ya mwingine hainipi mimi leseni ya kumhadaa. Anayeingia nchi ya watu kwa viza ameingia kwa ahadi ya amani baina yake na wao. Ibn Qudama, katika Al-Mughni, anaeleza kwamba Muislamu aliyeingia hata nchi ya adui kwa amani waliyompa, haifai kuwafanyia hiyana. Ikiwa ni hivyo kwa adui, vipi kwa mwalimu anayekwenda kumfundisha mwanao?

Tena tunayo mifano bora zaidi. Maswahaba waliohamia Uhabeshi waliitwa mbele ya Najashi, na wajumbe wa Makka wapo palepale wakitaka warudishwe. Waliulizwa imani yao juu ya Nabii Isa (a.s.). Jibu la kuficha lingeweza kuwa salama zaidi, na hali yao ilikuwa ya hatari kweli, si kukosa nafasi ya chuo. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alisema walichokiamini bila kupinda. Kwa ukweli huo walibaki.

Liko na jambo la pili, la kidunia, na hapa nitasema yaliyonipata. Mimi mwenyewe nilisoma nje, ingawa si mbali, katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichopo Mbale. Kutoka Muheza unapita Horohoro, Mombasa, Nairobi, kisha unavuka mpaka wa Uganda. Nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa hesabu. Nilimwambia baba kwamba fedha zinatosha mwaka mzima, nami nilijua zinatosha muhula mmoja, kwa sababu niliogopa asinizuie. Muhula wa pili nilikuwa nalala na njaa, kisha nampigia mama simu ninamwambia nimeshiba. Ugeni, lugha na masomo yote niliyazoea. Uongo ule sikuuzoea, kwani kila simu ilidai uongo mwingine.

Sasa mfikirie kijana anayetua Uingereza na salio lililokwisha kurudi kwa wenyewe. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Zikizidi amevunja masharti ya viza, zisipozidi huenda asipate kodi ya chumba. Uongo alioufanya mzazi benki mjini Tanga ndiye mtoto atakayeulipa, peke yake, kwenye baridi.

Siku ya tatu nilikwenda kwa yule mzee. Nikamwambia sahihi yangu hataipata. Lakini iko njia nyingine, nikasema: anayetaka kumsaidia kijana atoe hiba isiyorudi. Fedha uliyopewa kweli ni yako, na karatasi itakayoitaja itakuwa kweli nje na ndani. Nikatanguliza laki tano zangu. Wale ndugu wa milioni 12, walipoambiwa watoe moja kwa moja, walitoa milioni mbili kwa jumla. Hapo ndipo mimi nilipoiona tofauti kati ya fedha na picha ya fedha.

Kijana hakwenda. Mwaka huu ameanza chuo hapa nchini. Mzee hunisalimia msikitini, ila hakai tena karibu nami. Sidai kwamba hilo haliniumi.

Kwa hiyo tusiishie kwenye kukataza. Misikiti yetu ianzishe mifuko ya elimu iliyochangwa kwa nia hiyo tangu mwanzo, ianze mtoto akiwa kidato cha kwanza na si barua ikishafika. Na sisi walimu tuwafundishe vijana kuuliza gharama kabla ya kuota nchi. Maana aliyemwambia mzee yule kwamba elimu ni faradhi, tena kwa miaka sita mfululizo, ni mimi. Namna ya kuigharimia kwa halali sikumfundisha.

Wallahu a'alam.