Mizani na Hukumu

Mizani haina chuki wala upendeleo, lakini asomaye mizani anavyo vyote viwili. Swali langu ni hili: kipimo kishukapo, je, ni haki kumtia hatiani mtu aliyeigusa kazi mwisho?

Vivinjari vya intaneti hupimwa kwa ustadi wao wa kuchora. Kipimo cha MotionMark, kilichotolewa na waundaji wa WebKit mwaka 2016, huzidisha vitu vya kuchorwa mpaka mashine ishindwe kudumisha kasi iliyolengwa, mathalani picha 60 kwa sekunde. Kila picha, basi, ina nafasi isiyofika milisekunde 17. Uadilifu wa kipimo hicho ni kwamba hutaja jibu pamoja na kadiri ya shaka yake. Ni mahakimu wangapi wafanyao hivyo?

Hapa Kihonda, jirani yangu mmoja, kijana, alibadili programu ya ramani ichorwayo ndani ya kivinjari. Ilipimwa kwa njia kama hiyo, adhuhuri, chini ya paa la bati, na alama zikashuka sana. Wenzake walimlaumu. Nilikuwapo, nikanyamaza, na ukimya wangu ulikuwa lawama pia. Tulisahau kuwa kompyuta ipatapo joto hujipunguzia kasi ili isidhurike, na kipimo cha kwanza kilifanywa alfajiri, Uluguru ikali imejifunika ukungu.

Usiku walipima tena programu ya kale na mpya kwa zamu, mara nyingi, kwa mashine ile ile, katika chumba kile kile. Sehemu kubwa ya upungufu ilitoweka. Sehemu ndogo ilibaki, na ilibaki kila mara. Kijana hakuisingizia jua. Alitazama kazi yake, akaona kuwa aliichora upya ramani nzima hata ilipobadilika nukta moja, akakiri, akatengeneza.

Hapo nilijifunza kuwa dhuluma ina milango miwili. Mmoja ni kulaumu kabla ya kupima mara ya pili. Wa pili ni kujitetea baada ya kupima. Udhuru nao sharti upandishwe mizanini.

Mimi ni mwalimu. Kila muhula nashika alama za watoto wa watu. Alama ya mwanafunzi ishukapo, sasa najiuliza kwanza alifanya mtihani katika joto gani. Nikiisha kuliondoa joto hilo, kilichobaki humwambia bila kuficha, kwa kuwa huruma iifichayo kweli humwacha mtu na kosa lake.