Nauli ya Kwenda Kunywa Dawa

Soma Luka 10:30–37 na Wagalatia 6:2, 5.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Dawa yenyewe mgonjwa halipii. Lakini utaratibu ulioanza nao ulimtaka ainywe mbele ya mhudumu, na kwa kuwa nguvu yake hudumu yapata siku moja, kesho yake sharti arudi. Mkazi wa Gongo la Mboto atapanda daladala kwenda na kurudi, siku baada ya siku, kwa miezi mingi. Aliyepoteza kazi na kuuza hata godoro la mama yake ataipata wapi nauli hiyo? Akiikosa, arosto haimsubiri.

Je, kanisa limlipie? Wako wasemao kwamba alijiingiza mwenyewe, basi abebe furushi lake. Wagalatia 6:5 wanalijua vizuri. Fungu la 2, lililo karibu kabisa, hulipita haraka.

Wengine hutumia hesabu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kila dola 1 inayotumika kutibu sonona na wasiwasi hurudisha dola 4 katika afya bora na uwezo wa kufanya kazi. Ni hoja njema ya kumpelekea waziri wa fedha. Kanisani ina hatari yake, kwani yuko atakayetibiwa asirudi kazini kamwe, na yuko atakayeanguka mara tatu. Kwa hesabu hiyo, hao ni hasara.

Msamaria alitoa dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili (linganisha Mathayo 20:2), akaahidi kuongeza ikihitajika. Hakuuliza majeruhi atarudisha nini. Ni kweli, yule alipigwa na wanyang'anyi, hakujipiga. Mfano usivutwe kupita kiasi. Ila angalia fedha alimkabidhi nani: mwenye nyumba ya wageni, si majeruhi. Shemasi anayehofu kwamba nauli itaishia kwenye kete anaweza kumsindikiza mgonjwa mwenyewe. Hilo hudai muda kuliko fedha, na pengine ndiyo maana wengi wangependa kubishana juu ya fedha.

Jadilini: Dorkasi wana nauli ya mtu mmoja kwa miezi mitatu. Wanaoomba ni wawili: kijana aliyekwisha kuacha tiba mara mbili, na seremala mwenye watoto wanne anayeanza sasa. Mtamlipia nani, na huyo mwingine mtamwambia nini?